Ukilipia Kuingia Dukani, Umekuwa Mwanachama wa Nini?

Cuzo wangu anaishi Texas. Ana miaka miwili huko, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na anakaa nyumba moja na Wakenya wengine wawili. Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Dakika tano za kwanza zilikuwa udaku wa familia, hizo tuziache. Mbili za mwisho zilikuwa swali. Kadi yake ya stoo moja kubwa ya jumla inaisha mwezi ujao. Alipe tena ama aachane nayo?

Ada ya mwaka, ukiibadilisha kwa pesa yetu, inakaribia shilingi 8,000. Cuzo ndiye anamlipia mdogo wake karo ya sekondari, kwa hivyo hakuna dola inayopita mkononi mwake bila kuhesabiwa. Na siku hiyo hiyo alikuwa ametupa nusu ya mfuko mkubwa wa spinachi iliyooza kwa friji, pamoja na mkate ulioota ukungu. "Nililipa ndio niokoe pesa," akasema, "na sasa nalisha pipa la taka."

Mimi niliacha campo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa historia. Lakini swali kama hilo haliniachi nilale. Nani alikaa chini akaamua kwamba mteja alipe kwanza, ndio aruhusiwe kuja kutumia pesa zake? Nikaanza kusoma, nikashtukia ni saa tisa usiku. Haya ndiyo niliyopata, na mwishoni nitakwambia nilimjibu nini.

Kwa ambaye hajawahi kuona hizi stoo: ni ghala. Sakafu ya simiti, dari juu kabisa, bidhaa zimekaa juu ya zile mbao zilizoshuka nazo kwenye lori. Hupati tishu roli moja, unapata furushi zima. Mayonesi ni mtungi. Na mlangoni unaonyesha kadi. Fikiria soja wa supamaketi ya mtaani kwenu akuulize kama umelipa ada ya mwaka kabla hujashika kikapu. Hapa kwetu angechekwa hadi aingie ndani. Kule watu wanapanga foleni.

Pauni moja ya Rochdale

Hii story ya kulipa ili uwe mwanachama wa duka ni ya zamani kuliko hayo maghala. Inabidi turudi Rochdale, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, Desemba 1844. Wafumaji walikuwa wanalipwa mshahara mdogo, halafu wakienda dukani wanauziwa chakula kilichochanganywa na vitu visivyo chakula, kwa mizani isiyosema ukweli. Watu 28 wakaamua wamechoka. Kila mmoja akatoa pauni moja. Hawakuwa nayo mfukoni, waliichanga pensi kwa pensi kila wiki. Wakakodi chumba kwenye barabara ya Toad Lane, na tarehe 21 Desemba wakafungua duka lenye vitu vya kuhesabika kwa vidole: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti, mishumaa.

Sasa angalia ile pauni ilinunua nini. Ilikuwa hisa. Ukishaitoa, duka ni lako pamoja na wenzako. Kila mtu kura moja. Na faida ikipatikana, inarudi kwa wanachama kulingana na kila mtu amenunua kiasi gani.

Hapo nilimkumbuka mathe. Chama chao cha ploti kilikuwa kinachanga kuanzia Januari, na ikifika Desemba wanaenda duka la jumla kununua gunia la sukari, jerikani ya mafuta ya lita 20, mchele, na unga ule wa pakiti 12 zilizofungwa pamoja. Wanagawana pale pale kwenye korido, na kikombe cha kupimia. Kelele zake ulikuwa unazisikia hadi kwa stage. Huyu anataka pishori, yule anasema pishori ni ya watu wenye pesa. Mweka hazina ana daftari, na kila mama ana ruhusa ya kulishika na kuuliza, "Hii mia mbili ilienda wapi?" Hakuna mmoja wao aliyewahi kusikia Rochdale, lakini walikuwa wanafanya vile vile. Na si ajabu, kwa sababu kanuni za wale wafumaji ndizo vyama vya ushirika duniani kote vilikuja kufuata, hizi sacco zetu zikiwemo.

Kwa Kiswahili neno lenyewe linakwambia. Mwanachama ni mwana wa chama. Una mahali pa kukaa na una mdomo. Shika hilo, kwa sababu huko mbele litabadilika polepole.

Wakili mwenye ghala tupu

Turuke karne moja, tuvuke bahari hadi California. Mwaka wa 1948 wafanyakazi wa posta mjini Los Angeles walianzisha duka lao, wakaliita Fedco. Halikuwa la kutafuta faida. Lilikuwa la wanachama, na uanachama ulikuwa wa watu walioajiriwa na serikali. Bei zilikuwa nzuri kiasi kwamba watu wa San Diego walikuwa wanaendesha gari karibu kilomita 200 kwenda kununua huko.

San Diego kulikuwa na wakili anaitwa Sol Price, aliyezaliwa 1916, mtoto wa wahamiaji. Hakuwa mfanyabiashara wa duka. Alikuwa na vitu viwili tu: wateja waliomwambia kuhusu Fedco, na ghala la familia ya mke wake lililokuwa limekaa tupu. Mwaka wa 1954, yeye na wenzake wakafungua FedMart humo ndani. Uanachama ulikuwa wa wafanyakazi wa serikali, dola mbili.

Kwa nini kadi, si kufungua mlango tu? Sababu moja ni sheria. Miaka hiyo Marekani kulikuwa na sheria zilizomruhusu mwenye kiwanda kuamua bei ya chini ambayo duka lolote linaweza kuuza bidhaa yake. Yaani redio ya kampuni fulani ungeipata bei moja kila mahali, na anayeshusha anaweza kushtakiwa. Duka la wanachama lilikuwa na la kujitetea: sisi hatuuzii umma, tunauziana wenyewe. Kadi ikawa ngao.

Lakini kuna kitu kilitokea hapo bila kelele. Fedco ilikuwa mali ya wanachama. FedMart ilikuwa mali ya wenye hisa, na mwanachama alikuwa mteja mwenye kadi. Neno lilibaki lile lile, daftari likahamia kwa mtu mwingine.

FedMart ilikua, ikawa maduka mengi. Mwaka wa 1975 Price aliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa tajiri wa maduka kutoka Ujerumani, Hugo Mann, na haukupita muda akafukuzwa kutoka kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Alikuwa anakaribia miaka 60. Na mwaka huo huo wa 1975, bunge la Marekani likafuta ile sheria ya bei. Kwa maneno mengine, ngao haikuhitajika tena. Kama kadi ingekuwa ni ya kukwepa sheria tu, ingekufa pale.

Sacco ndizo zilimwokoa

Haikufa. Julai 1976, Price na mwanawe Robert walifungua Price Club kwenye barabara ya Morena, San Diego, ndani ya jengo lililokuwa karakana ya ndege ya bilionea Howard Hughes. Ada ilikuwa dola 25 kwa mwaka. Na hapa kuna kitu wengi hawajui: mtu wa kawaida hakuruhusiwa. Ilikuwa ya wenye biashara ndogo, mtu wa mkahawa, mtu wa duka la kona, fundi. Wazo lilikuwa hivi: mwenye kiosk ananunua bidhaa kwa wasambazaji kumi tofauti, kila mmoja anaongeza chake na gharama ya kuleta. Mwache aje mwenyewe na gari lake, alipe taslimu, abebe mwenyewe, na ile gharama tuitoe kwenye bei.

Nilipenda wazo hilo. Mama mboga yeyote anayeamka saa tisa kwenda Marikiti analielewa bila kufundishwa. Shida ni kwamba hawakutosha. Mwaka wa kwanza Price Club ilipata hasara ya karibu dola 750,000.

Kilichowaokoa ni kufungulia wafanyakazi wa serikali na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Ndiyo, sacco. Hao hawakulipa ile ada ya mwaka, ila walilipa asilimia tano juu ya bei ya wenye biashara. Ghala likajaa.

Kwa nini sacco na si kila mtu? Kwa sababu mtu wa sacco ameshachujwa. Ana kazi ya kudumu, ana akiba, hundi yake hairudi benki ikiwa haina pesa. Hapo nikaona kazi ya pili ya kadi, na hii haikuwahi kufutwa na bunge lolote. Kadi inachagua. Inamleta ndani mtu ambaye leo ana pesa ya kununua mahitaji ya mwezi mzima, ana gari la kubebea, na ana mahali pa kuweka. Price hakuwa anaficha. Falsafa yake ilikuwa kwamba mauzo mengine ni afadhali uyapoteze kwa akili. Weka saizi moja, ile kubwa. Anayetaka ndogo aende kwingine.

Nilisoma hapo nikacheka peke yangu. Anayetaka ndogo ni mimi! Mimi wa bedsita isiyo na friji, wa mafuta ya kupima ya 20 bob na unga wa siku mbili. Nikijumlisha hizo 20 bob za mwezi mzima, napata nimelipa lita moja ghali kuliko mtu aliyenunua mtungi. Mtu aliyesota huwa analipa zaidi kwa kila kijiko, si kwa sababu hajui hesabu, ni kwa sababu hana pesa ya mtungi siku ya mtungi. Mimi ndiye yale mauzo waliyokubali kuyapoteza.

Kijana wa magodoro

Ile FedMart ya 1954 ilikuwa imeajiri kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, kushusha magodoro kutoka kwa lori. Jina lake James Sinegal. Alibaki na Price miaka mingi, akajifunza kila kitu. Mwaka wa 1983, yeye na Jeffrey Brotman walifungua ghala lao Seattle, wakaliita Costco. (Na kumbuka Nakumatt yetu ilitokana na Nakuru Mattresses. Sijui magodoro yana nini na biashara za supamaketi.) Mwaka huo huo Sam Walton, mwenye Walmart, alifungua Sam's Club ya kwanza Midwest City, Oklahoma, na baadaye kwenye kitabu chake akakiri bila aibu kwamba mawazo mengi alitoa kwa Sol Price. Mwaka wa 1993 mwanafunzi na mwalimu wakaungana: Price Club na Costco zikawa kampuni moja. Price mwenyewe alifariki 2009, akiwa na miaka 93.

Sasa tuchukue Costco kama mfano, kwa sababu hesabu zake ziko wazi. Supamaketi kubwa ya Marekani huwa na bidhaa za aina elfu nyingi sana. Costco ina kama 4,000. Wanachoongeza juu ya bei ya kununulia hakizidi asilimia 14 au 15 hivi. Ile bei yao maarufu ya hot dog na soda imekuwa dola 1.50 tangu miaka ya 1980.

Basi wanakula wapi? Kwenye kadi. Mwaka wao wa fedha wa 2024, ada za wanachama zilileta karibu dola bilioni 4.8. Faida ya uendeshaji wa kampuni nzima ilikuwa karibu bilioni 9.3. Ada haina gharama ya lori wala ya kuoza, kwa hivyo ukitazama vizuri, kiasi kama nusu ya faida kinatoka kwa watu kulipia ruhusa ya kuingia.

Kabla hujakasirika, fikiria kidogo. Duka la kawaida linapata pesa ukilipa bei ya juu. Duka la kadi linapata pesa ukirudi mwaka ujao kulipia kadi. Ukihisi umeibiwa bei, hutarudi. Kwa hivyo ile ada kwa kweli inamfunga muuzaji pia. Ni kama umemlipa mtu mshahara aende akununulie, badala ya kumwacha ajilipe kwa kukuongezea bei ukiwa huangalii. Wafumaji wa Rochdale wangeielewa sehemu hiyo.

Sehemu ambayo hawangeielewa ni hii: mwanachama wa leo halishiki daftari. Hapigi kura. Faida haimrudii, isipokuwa amelipia kadi ya bei ya juu. Septemba 2024 Costco ilipandisha ada kutoka dola 60 hadi 65, na hakuna mama yeyote aliyesimama kwenye korido kuuliza hiyo dola tano inaenda wapi. Ukinuna, unaacha kadi. Hiyo ndiyo sauti pekee uliyo nayo.

Nilichomwambia cuzo

Kwanza, hesabu. Tuchukue ile ada ya dola 65. Kama bei za ghala zinakuokolea asilimia kumi ukilinganisha na mahali ungenunua, basi kadi inajilipa ukifikisha manunuzi ya dola 650 kwa mwaka. Hiyo ni kama 54 kwa mwezi. Si nyingi. Ile kadi ya juu ya dola 130 inakurudishia asilimia mbili ya manunuzi mengi, kwa hivyo ile dola 65 ya ziada inarudi ukifikisha dola 3,250 kwa mwaka, kama 271 kila mwezi. Mtu mmoja anayekula ugali na mboga, na anatuma pesa nyumbani, asiguse hiyo.

Pili, asilimia kumi ya spinachi iliyooza ni sufuri. Ukitupa nusu, umelipa mara mbili. Linganisha bei kwa kilo, halafu jiulize utamaliza lini. Mchele, mafuta, sabuni, tishu, kuku wa kugandisha: sawa. Mboga za majani kwa mtu mmoja anayefanya kazi zamu ya usiku: hapana.

Tatu, na hili ndilo gumu. Ukishalipa ada, hiyo pesa imeenda. Usiende ghalani ati kuirudisha. Cuzo alikiri kwamba kila Jumamosi alikuwa anaenda hata kama hana haja, kwa sababu "nimelipia." Akienda kwa mchele anatoka na mchele, jaketi, na mshumaa wenye harufu ya vanila. Kadi haikumdanganya. Alijidanganya mwenyewe, na waliochora mpangilio wa ghala wanajua watu hujidanganya hivyo.

Nne, kama huridhiki, uliza kuhusu kurudishiwa. Costco, kwa mfano, hutangaza kwamba mwanachama asiyeridhika atarudishiwa ada yake yote. Watu wengi hawajui kwa sababu hawasomi.

Tano, nikamuuliza: mko watatu kwa hiyo nyumba, kwa nini kila mtu ananunua peke yake? Pale Costco, kadi moja ya kulipia inakuja na ya pili ya mtu mnayeishi naye anwani moja. Kuazimana kadi ovyo ovyo hakuwezekani siku hizi, tangu 2024 wanaiskani mlangoni na picha yako inatokea. Lakini watu watatu wa nyumba moja wakichanga, ada ni kama dola 22 kila mmoja, na ile 54 ya mwezi inakuwa 18 kwa kila mtu. Mfuko wa spinachi unaliwa na midomo mitatu kabla haujaoza.

Kwa hivyo jibu langu lilikuwa: peke yako, wacha. Watatu, lipeni. Lakini muwe na daftari.

Alinyamaza siku mbili, nikadhani amekasirika. Jana usiku akanitumia picha. Karatasi imebandikwa kwa mlango wa friji, majina matatu, kila mtu ameandika anachotaka na kiasi alichotoa. Wamebishania mchele, kama kawaida. Wamekubaliana kwenda mara moja kwa mwezi, wote watatu ama hakuna anayeenda. Na chini kabisa, kwa mwandiko ambao si wa cuzo, mtu ameandika: HAKUNA KUNUNUA MSHUMAA.

Nilimwonyesha mathe. Aliangalia hiyo karatasi kwa muda, akavaa miwani, akauliza swali moja tu: "Na mweka hazina ni nani?"